Kiunzi, Kijenzi na Hali
Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Vue, programu ya kujengea kurasa za tovuti, ilitolewa na Evan You mwaka 2014, miaka miwili baada ya Simiyu kuwa mkoa. Kijana wa Binza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukabili ufundi huo kwa Kiingereza. Ana mizigo miwili. Lakini mantiki yake aijua: nguzo huchimbiwa, fito zikafungwa, ndipo udongo ukakandikwa. Hivyo twapendekeza ‘kiunzi’ kwa mfumo unaoshikilia kazi nzima. ‘Kijenzi’ kwa kipande kitumikacho tena na tena. ‘Hali’ kwa taarifa ambazo zikibadilika, ukurasa nao hubadilika. Istilahi isiyofika darasani hufia kamusini.