Amana ya Mpangaji: Nani Aishike?

Katika Kiswahili neno "amana" lina undugu na "amini" na "mwaminifu". Amana ni kitu unachokabidhiwa ukitunze, nawe ukirudishe kitakapotakiwa. Fedha anazotoa mpangaji mbali na kodi, ili zifidie uharibifu au kodi isiyolipwa, huitwa amana kwa sababu hiyo: zimetoka mkononi mwake, lakini bado ni mali yake.

Historia ya Uingereza yaonyesha jinsi jambo hilo linavyosahaulika. Kwa miaka mingi mwenye nyumba wa huko aliishika amana yeye mwenyewe. Mpangaji alipohama, yule yule aliyezishika fedha ndiye aliyeamua kiasi cha kurudisha. Asiyeridhika ilimbidi aende mahakamani, na mara nyingi gharama na usumbufu wa kesi vilimkatisha tamaa.

Bunge lilipotunga Sheria ya Makazi ya mwaka 2004, halikumsihi mwenye nyumba awe mwema. Lilimwondolea mamlaka ya kuamua peke yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2007, katika England na Wales, amana za upangaji wa kawaida sharti zilindwe na mpango ulioidhinishwa na serikali: ama mpango huo uzishike wenyewe, ama uziwekee bima. Leo mwenye nyumba ana siku 30 za kutimiza hayo. Akikaidi, mahakama yaweza kumwamuru amlipe mpangaji mara 1 hadi 3 ya amana. Ukizuka mgogoro, pande zote mbili zikikubali, msuluhishi huuamua bila malipo, na mwenye nyumba ndiye apaswaye kuthibitisha madai yake. Uchakavu wa kawaida, kama zulia lililofifia kwa kukanyagwa, si deni la mpangaji. Mwaka 2019 England iliongeza kikomo: amana isizidi kodi ya wiki 5, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000.

Hapa kwetu, amana kwa kawaida hukaa kwa mwenye nyumba. Basi kumbuka wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Dai stakabadhi, siku ya kuingia, andika hali ya kila chumba na upige picha, kisha nyote wawili mtie sahihi. Siku ya kuhama, kagueni pamoja. Anayedai haki yake kwa maandishi hamtukani mwenye nyumba. Anamkumbusha maana ya neno amana.