Tasnifu Iliyotoka Mtaa wa Kipata

Kila mwaka, wakati wa kuchagua mada ukifika, wanafunzi wangu wa historia wa mwaka wa tatu huja na vichwa virefu kama treni ya bara: "Athari za Ukoloni katika Maendeleo ya Afrika". Nami huwauliza: kwenu wapi? Akijibu Kariakoo, namwambia mada ameilalia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianzia pembeni ya Kariakoo. Oktoba 1961 kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria; Mlimani kilihamia mwaka 1964. Idara ya historia ilipoanza kutafuta yale ambayo majalada ya wakoloni hayakuyasema, kazi kubwa ilifanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwaka 1968 walikwenda kuwahoji wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji.

Mwaka huohuo Daisy Sykes, mwanafunzi wa mwanahistoria John Iliffe, aliandika karatasi ya semina juu ya babu yake, Kleist Sykes. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, baba yake askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani. Alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa katibu wa African Association. Alipofariki mwaka 1949 aliacha habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe. Profesa angebisha hodi mpaka achoke. Mjukuu alikuwa nazo nyumbani. Mwaka 1973 karatasi ile ilitoka ikiwa sura katika kitabu cha Iliffe, Modern Tanzanians, na hadi leo anayeandika siasa za mji huu kabla ya TANU hana budi kuipitia. Mtaa wa Kipata alikoishi Kleist sasa ni Mtaa wa Kleist Sykes.

Mada za namna hiyo bado zimejaa. Mtaa wa Tandamti leo unaitwa Mshume Kiyate, jina la mzee wa TANU aliyeuza samaki sokoni: nani alimkopesha mtaji? Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimebomolewa yakapanda maghorofa: wapangaji walihamia wapi? Soko la Kariakoo alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021: nani walikuwa na vizimba kule shimoni, na waliwarithi nani?

Binti mmoja aliniletea risiti za ushuru wa kizimba cha bibi yake, zimefungwa kwa mpira. Nyuma ya moja kulikuwa na hesabu ya magunia ya vitunguu kwa penseli, na jina la mtu aliyechukua matatu bila kulipa.

"Madam, na hii nayo ni historia?"

Nikamwambia aanze na huyo mdaiwa. Vitunguu vilitoka wapi, vilifikaje mjini, kwa nini bibi alimwamini mtu yule na si mwingine: hapo ana sura tatu tayari, na mwenye majibu anaishi naye nyumba moja.