Anayekuuzia unga akifungua kibanda chake

Fikiria unauza chapo, halafu yule anayekuuzia unga anafungua kibanda chake hapo kando yako. Utaendelea kununua kwake? Inategemea kama kuna mwingine anauza unga.

Biashara ya seva imeshapitia hii story. 2012, AMD, watengenezaji wa chipu, walinunua kampuni ya seva ya SeaMicro kwa dola milioni 334. Shida ni kwamba wateja wao, kina Dell na HP, nao walikuwa wanauza seva. Na hao wateja walikuwa na Intel wa kukimbilia. Kufikia 2015, AMD wakafunga hiyo biashara.

2016, Nvidia wakaleta DGX-1, seva yao wenyewe yenye chipu nane, kwa dola 129,000. Dell hawakuhama. Wangehamia wapi? Kwa kazi ya kufunza AI, kila mtu alitaka chipu za Nvidia.

2024, AMD wakarudi, wakatangaza kununua ZT Systems, waundaji wa seva, kwa dola bilioni 4.9. Lakini safari hii walisema mapema: mainjinia tunabaki nao, viwanda tunauza. 2025, viwanda vikaenda kwa Sanmina.

Wengine wataita hiyo heshima kwa wateja. Mimi naona ni hesabu tu. Anayekuuzia akikuheshimu sana, jua bado kuna duka la pili. Likifungwa, ndio utajua bei ya unga. Kwa hivyo hata kama ni ghali kidogo, nunua huko pia.