Mashine, mpira na mswaki wa nesi

Wadau, habari ikifika mgombani kwamba fulani kalazwa ICU pale KCMC, ukoo mzima unanyamaza. Watu wanashuka kutoka Rombo, Marangu na Machame na chupa za mtori ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuunywa. Swali ni moja: kawekewa mashine?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1952 polio iliishambulia Copenhagen, Denmark. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliosaidiwa na mashine za kupumulia za wakati ule, 27 walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, uingizwe mpira kwenye njia ya hewa, kisha hewa isukumwe kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari kama 1,500 walipokezana kuminya mifuko hiyo usiku na mchana. Vifo vikashuka hadi karibu robo. Mwaka 1953 Ibsen akaanzisha wodi maalumu ya mahututi, na mashine zikachukua nafasi ya mikono. KCMC ilipofunguliwa Machi 1971, hayo yote yalikuwa na umri wa miaka 19 tu.

Sasa kuna jambo ambalo ndugu huwa hawaambiwi. Mpira unaoleta hewa unafungua pia njia ya vijidudu. Mwenye mpira hawezi kukohoa vizuri. Mate ya mdomoni yanatuama juu ya kiputo kinachoushikilia, kisha yanachuruzika taratibu hadi mapafuni. Nimonia ikimpata baada ya saa 48 au zaidi, inahesabiwa kuwa imetokana na mashine. Yaani mtu kaletwa kwa ajali ya bodaboda, anauawa na ugonjwa ambao hakuja nao!

Kinga yake, jamani, kwa sehemu kubwa ni kazi ya nesi. Mwaka 1999 watafiti wa Barcelona, Hispania, waliwafuatilia wagonjwa 86 wa mashine. Waliolazwa chali, asilimia 23 walithibitika kupata nimonia. Walioinuliwa kichwa na kifua nyuzi 45, asilimia 5. Kitanda tu! Kwa miaka mingi pia walisafishwa midomo kwa dawa ya klorheksidini, lakini mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2022 uliiweka kando na kupendekeza mswaki. Ongeza kunawa mikono, kunyonya makohozi na kupunguza dawa za usingizi ili mpira utoke mapema.

Vitu rahisi, ila vinataka mtu aliye pale saa zote. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu ICU za hospitali nne za rufaa nchini, KCMC ikiwemo, ulihesabu wagonjwa 5,627; asilimia 41.4 walifariki. Wengi walifika wakiwa hoi, siwezi kuyabebesha hayo nimonia peke yake. Lakini sisi waandishi tunakimbilia kupiga picha mashine zikikabidhiwa, hatuulizi zamu ya usiku ina manesi wangapi. Mmoja akiwa na wagonjwa watatu wenye mipira, mswaki ndio unaosubiri.

Ukiruhusiwa kuingia kwa dakika zako chache, angalia kitanda. Kama kimelala kabisa, muulize sista kwa adabu. Huenda kuna sababu, kwa mfano mgonjwa ameumia uti wa mgongo. Huenda pia hakuna.