Degas Alivyonifundisha Kusahau Miti

Picha yangu ya kwanza ya pasteli laini ilikuwa na miti 17. Niliihesabu kwenye simu, nikaichora mmoja mmoja. Nilitaka kulichora bonde la kwetu, lile shamba ambalo familia ililiuza. Kila kitu kilikuwepo, ila kwetu hakukuwepo.

Jibu nililipata kwa Edgar Degas, yule Mfaransa tunayemjua kwa picha za wacheza baleti. Kumbe alichora mandhari pia, ingawa aliwacheka wachoraji waliokwenda kuchora nje. Oktoba 1890, akiwa na miaka 56 na macho yakizidi kufifia, alisafiri Burgundy kwa kigari cha farasi pamoja na mchongaji Bartholomé, hadi kijiji cha Diénay. Huko, nyumbani kwa mchoraji Jeanniot, akaanza kuzitoa kichwani zile nchi alizozipita. Alipaka rangi ya mafuta kwenye bamba, akalaza karatasi juu yake, akakandamiza. Picha ikatoka na ukungu: hiki ni kilima au wingu? Nyingi ya picha hizo alizipitishia pasteli juu. Mwaka 1892 zikaonyeshwa Paris, kwa Durand-Ruel, takriban miaka 20 kabla ya Kandinsky na picha zake za dhahania.

Basi nikaelewa kosa langu. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi kidogo sana. Haina ncha ya kuchora jani. Ukiilaza ubavu na kuiburuta, inakupa ukanda mzima wa ardhi kwa mkono mmoja. Ukiisugua mno kwa kidole, vinyweleo vya karatasi vinajaa, rangi haishiki tena. Chombo chenyewe kinakuambia: chagua, kisha acha.

Nikaizima simu. Nikaweka zambarau iliyokolea chini, kijani kilichofifia katikati, na mstari wa njano pale jua lilipokuwa linachelewa kuondoka. Mti hata mmoja hakuna.

Nikamwonyesha mama bila kumwambia ni wapi. Alikaa kimya, kisha akagusa ile njano.

“Hapa ndipo tulipokuwa tunaanika mahindi,” akasema.

Sijaifuta ile alama ya kidole chake.