Akogo ya Buteba na Haki ya Mgeni

Wapenzi wa akogo, ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba pamoja na ngoma yake, mara nyingi huilinda kwa kuifungia ndani. Wanasema hii ni mali ya Wateso, na Msamia, Mpadhola au mzungu akijifunza kuicheza ataishia kuiga miguu tu, moyo wa ngoma ubaki kwa wenyewe. Msimamo huo unatokana na mapenzi ya kweli, na ndiyo maana unastahili kujibiwa kwa ushahidi. Katika Buteba, kati ya mji wa Busia na Malaba, ushahidi unaelekea upande mwingine: akogo ililetwa na wageni na ikakua kwa kupokezwa, na anayemwita jirani aketi ajifunze anaendeleza kazi ileile iliyoifikisha hapa.

Tuanze na watu. Wateso walitoka upande wa Karamoja, wakasogea magharibi na kusini kwa vizazi kadhaa. Hawa wa Tororo, Buteba na Amukura waliingia katika nchi iliyokuwa na Wapadhola, Wasamia na Wabukusu pembeni yake, wakapigana nao, wakaoana nao. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuukabidhi kwa Himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya baadaye, na koo zilizokuwa zikila chungu kimoja zikajikuta katika nchi mbili. Ala yenyewe ina safari ndefu zaidi. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyeizunguka Uganda miaka ya 1960, alifuatilia marimba hizi ndogo za vyuma hadi Kongo, ambako huitwa likembe. Wapagazi, askari na vibarua wa enzi ya ukoloni walizibeba kwa sababu zinaingia mfukoni na humpunguzia mtu uchovu wa njia. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikwisha kuvuka na kuingia kaskazini mwa Uganda, zikashikwa na Waalur na Waacholi, kisha Walango, Wateso na Wasoga. Kumbe ala inayotajwa leo kama kitambulisho cha Wateso iliingia Uganda karibu wakati uleule ambao mpaka ulikuwa ukichorwa.

Itasemwa kwamba asili ya mbao na vyuma si kitu. Kilicho cha Wateso ni namna ya kupiga na kucheza. Nakubali, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu. Akogo ni kisanduku cha mbao ambacho juu yake vimebanwa vyuma vyembamba vilivyopondwa bapa, mara nyingi vya mwavuli mkuukuu au spoku za baiskeli, na ukivivisha vipete vya bati vinavuma. Hupigwa kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo mno. Wapigaji kadhaa huketi na akogo za ukubwa tofauti, kila mmoja na kipande chake, na wimbo hutoka pale vipande vinapopishana. Mchezaji akikanyaga kwa kishindo anaufunika. Ngoma ya kupiga ikizidi, akogo haisikiki. Kwa hiyo mwili hulazimika kusikiliza kabla ya kusogea, na pumzi, bega na wayo hufuata chuma kinachovuma kwa chini. Adabu hii ya kutulia ndani ya mwendo haimo katika damu ya mtu. Mtoto wa Mteso huipata kwa kukaa karibu na wanaojua, na mtoto wa Msamia akikaa hapohapo kwa muda uleule ataipata.

Yanayotokea mlango unapofungwa yanaonekana kwa majirani wa magharibi. Bigwala ya Busoga ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kila moja ikitoa sauti moja tu, hivi kwamba hakuna awezaye kupiga wimbo peke yake. Ilikuwa muziki wa kifalme, wa kumsimika na kumzika mtawala. Kiongozi wa Uganda Milton Obote alipovunja falme katika miaka ya 1966 na 1967, bigwala ikakosa mwenyeji. Falme zilianza kurudishwa mwaka 1993, lakini UNESCO ilipoiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2012, walitajwa wazee mahiri wanne tu waliobaki. Iliyoanza kuifufua ni kazi ya kupanda upya vibuyu na kuwafundisha vijana wa vijijini ambao hawakuwahi kuiona ikulu yoyote. Wateso hawakuwa na mfalme, na akogo haikuwahi kuning'inia kwenye ukuta mmoja. Ndiyo maana haikuanguka na mtu yeyote.

Pingamizi zito zaidi linahusu mashindano ya shule na majukwaa. Akogo ya nyumbani ilikuwa na usiku mzima, na chungu cha ajon, pombe ya ulezi, kikizungukwa na watu wenye mirija mirefu. Jukwaani ina dakika chache, mavazi yanayofanana na jaji mwenye kalamu. Kinachoumia ni muda. Wimbo unaohitaji kurudiwa hadi mwili utulie unakatwa pale ambapo mchezaji ndiyo kwanza anaanza kusikia. Hasara hii ni ya kweli, lakini haikuletwa na mgeni. Wanafunzi wanaokimbizwa jukwaani ni wa kabila lolote, Wateso wakiwemo, nao hufundishwa miguu kabla ya masikio. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa katika orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2014, inadhoofika mikononi mwa jamii zake zenyewe, kwa kuwa vijana wengi hawajifunzi tena kwa wazee.

Basi swali la kuwauliza walezi wa akogo ni la utaratibu wa kufundisha. Anayekuja Buteba kujifunza, awe bibi harusi kutoka Samia au kijana wa kituo cha mpakani, aketishwe kwanza kati ya wapigaji na kukabidhiwa akogo yenye kipande kifupi kuliko vyote, akipige bila kukibadilisha mpaka avisikie vipande vya wenzake. Kusimama na kucheza kutafuata, na mzee aliyekaa upande wake ndiye atakayemwambia lini.