Chumvi ya Uvinza, Mawese ya Ziwani

Mchuzi wa maharage unaopikwa jioni kwetu Mabamba, kwenye vilima vya Buha mkoani Kigoma, una vitu vinne: maharage, mawese, chumvi na kitunguu. Siku yenye heri huongezwa dagaa au ngogwe. Wageni kutoka mjini huuita chakula cha shida, na neno hilo huniumiza. Nimefundisha sayansikimu Kibondo na Kasulu hadi nilipostaafu, nimewapikia wanangu na sasa nawapikia wajukuu, nami nasema kwa moyo wote kwamba ni michuzi michache iliyotembewa kwa miguu kama huu wetu.

Tuanze na chumvi, maana vilima vyetu havina. Ilifuatwa kusini, safari ya siku nyingi, mpaka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi zilizo karibu na pale Ruchugi inapoingia Malagarasi. Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo mwaka 1967, na vigae na majivu waliyoyakuta vilionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi mahali hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Ilikuwa kazi ya kiangazi. Masika mito hufurika na maji ya chumvi huzimuliwa na ya mvua. Mvua zikikatika, Waha walishuka pamoja na majirani zao, wakajenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha vyungu usiku na mchana hadi maji yakauke na chumvi ibaki chini. Watawala wa Uvinza walichukua fungu lao. Iliyobaki ilifungwa vizuri ikabebwa hadi Buha, Burundi na Unyamwezi. Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1858 akienda Ujiji, aliikuta biashara hii ikiwa imekomaa zamani.

Bibi yangu alisimuliwa na mama yake jinsi chumvi hiyo ilivyotunzwa. Ilikaa juu ya meko, kwenye moshi, isinyonye unyevu. Mboga za majani zilikolezwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa, ili chumvi yenyewe ibaki kwa ajili ya maharage na nyama ya mgeni. Bibi alipokuwa msichana, Wajerumani walikuwa wameshazishika chemchemi, na mwaka 1914 reli ilifika Kigoma ikipitia Uvinza. Chumvi ikapanda gari moshi. Hata hivyo bibi aliendelea kuitia mwishoni, maharage yakishaiva, kwa vidole vitatu, na wala hakutaka kuulizwa sababu. Nilipokwenda chuoni niliambiwa kwamba chumvi ya mapema huweza kuchelewesha maharage kuiva. Kwetu kuni ni mali, kwa hiyo yeye alikuwa na sababu mbili: kutunza chumvi na kuokoa kuni.

Mawese yalitoka upande mwingine. Mchikichi hupenda joto la ufukweni mwa Tanganyika, na huku juu kwenye baridi haustawi vile. Kwa hiyo watu wa ziwani walipandisha mawese na samaki wakavu, nasi tukateremsha nafaka, mbuzi na asali. Mafuta haya yana adabu zake. Yapashe moto taratibu mpaka harufu ya ubichi iondoke, kisha tia kitunguu kabla hayajaanza kufuka moshi. Ukiyaunguza hadi yapoteze wekundu, umetupa kile kilichoyaleta hadi hapa: ile rangi ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na macho ya watoto huihitaji. Hili nililifundisha kila mwaka na silichoki.

Ajabu ni kwamba maharage yenyewe, ambayo Kibondo na Kasulu huyauza kwa magunia, ni mgeni. Asili yake ni Amerika, kama mahindi na muhogo. Chakula cha kale cha Buha ni ulezi na mtama. Muhogo ulipata nguvu kwa sababu huvumilia ukame na hungoja ardhini. Miaka ya 1930, malale yalipozagaa na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu kutoka misitu yenye mbung'o na kuwakusanya pamoja, wengi waliacha mashamba ya wazee wao wakaanza upya. Katika hali kama hiyo muhogo ni mkombozi. Ndiyo maana ugali wetu wa kila siku ni ule wa muhogo uliolowekwa, ukaanikwa na kutwangwa, unaonata na kuvuta mchuzi kuliko ugali wa mahindi.

Halafu wakaja manamba. Wanaume wa Buha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwakusanya, SILABU. Vitabu husimulia kodi na mshahara. Mimi hukumbuka baba yangu mdogo aliyerudi na sanduku la bati, na ndani yake binzari iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amekula samaki wa nazi huko pwani, naye akataka mama yake ampikie. Nazi haikuwapo. Bibi akatwanga karanga mbichi, akazikoroga kwa maji ya vuguvugu, akatia binzari kidogo, akapikia migebuka iliyokaushwa. Kwangu huo ndio mchuzi mzito wa jioni za baridi, na kitabu cha mapishi nilichopewa nilipoanza kufundisha, chenye tui la nazi karibu kila ukurasa, hakikunishtua. Darasani tuliweka karanga.

Mwaka 1972 ulileta Operesheni Kigoma, na kaya zilizotawanyika vilimani zikahamishiwa vijijini. Mwaka huohuo Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Walikuja tena Oktoba 1993, na tena 2015, wengine wakipitia hapa Mabamba, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta zilipewa mgao wa unga wa mahindi, mafuta, chumvi, na punje za njegere za njano zilizopasuliwa kati. Akina mama wa kambini walitaka unga wa muhogo, sisi tulitaka zile punje, tukabadilishana. Wao walizichemsha hadi zipondeke zenyewe, wakazipiga kwa mwiko, wakatia kitunguu kilichokaangwa, ikawa supu ya kumpa mgonjwa au mtoto aliyekataa kula. Kisamvu chao pia walikitwanga laini kuliko sisi, na tangu hapo nakitwanga kama wao. Mengi husemwa juu ya wakimbizi hapa kwetu, mengine kwa haki. Mimi nataka na hili liandikwe.

Tangu 2018 serikali imekuwa ikihimiza michikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha miche ya Tenera, ambayo tunda lake lina nyama nyingi na kokwa lenye ganda jembamba. Naiunga mkono kazi hiyo. Ombi langu kwa wenye mitambo ni moja: sehemu ya mafuta hayo iachwe nyekundu, isisafishwe hadi ing'ae kama maji, na bei yake imwezeshe mama wa Mabamba kununua kibaba siku ya gulio.